Daktari Aliyeacha Sanduku: Maisha ya Rafael Ángel Calderón Guardia



Kila chama cha kusaidiana kina sanduku lake, na kila mwanachama huujua uzito wa sanduku hilo siku ile mwenzake anapolazwa hospitalini. Kwa hiyo tumeona inafaa, pamoja na hesabu za mwaka, kuwasimulia habari za mtu wa nchi ya mbali aliyeanzisha sanduku la namna hiyo kwa ajili ya taifa zima. Tena taifa dogo, lililoishi kwa kuuza kahawa na ndizi. Mtu huyo ni Dakta Rafael Ángel Calderón Guardia, aliyekuwa Rais wa Kostarika, katika Amerika ya Kati, tangu mwaka 1940 hata mwaka 1944.

Alizaliwa katika mji mkuu, San José, tarehe 8 Machi 1900. Baba yake alikuwa daktari, na mwana akafuata njia ya baba. Alisafiri mpaka Ubelgiji kusomea utabibu, na huko hakujifunza dawa peke yake. Alikutana na mafundisho ya Kanisa Katoliki juu ya haki za wafanyakazi, yaliyosema kwamba kumtunza kibarua aliyeugua si sadaka ya tajiri, bali ni wajibu wa jamii. Aliporudi kwao akashika kazi yake, akapata sifa kubwa kwa kuwatibu maskini bila kuwadai malipo.

Lakini wema wa daktari mmoja una mpaka wake. Daktari huchoka, huzeeka, na hawezi kufika kila nyumba. Tena mgonjwa anayetibiwa kwa huruma leo hana hakika ya kesho. Ndipo Calderón Guardia alipoingia katika siasa, na mwaka 1940 akachaguliwa kuwa Rais kwa kura nyingi sana. Wenye mashamba makubwa ya kahawa walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono, wakidhani kwamba atatawala kama waliomtangulia.

Hakukawia kuwashangaza. Alimtuma mwanasheria Guillermo Padilla Castro kwenda Chile, nchi iliyokuwa na bima ya wafanyakazi tangu mwaka 1924, ili aone jinsi kazi hiyo inavyoendeshwa. Tarehe 1 Novemba 1941 sheria ikapitishwa, na shirika la bima likazaliwa. Watu wa huko huliita Caja, yaani kasha la fedha.

Utaratibu wake mtu yeyote aliyewahi kushika daftari la chama ataufahamu. Mikono mitatu ilitia fedha katika kasha lile: mfanyakazi alikatwa sehemu ndogo ya mshahara, mwajiri akatoa sehemu yake, na serikali ikaongeza yake. Walioanza kuandikwa walikuwa wachache, hasa watu wa mijini wenye mishahara midogo, kwa kuwa mshahara hujulikana na mchango huweza kukatwa kabla haujatumika. Bima ya ugonjwa na uzazi ilitangulia. Ile ya uzee na ulemavu ikafuata mwaka 1947.

Mwaka 1943 yalifanyika mambo mawili makubwa. Kwanza, haki za wafanyakazi ziliandikwa katika Katiba, na bima ikiwa mojawapo. Pili, sheria ya Caja ilitengenezwa upya, shirika likapewa uhuru wa kujiendesha, na fedha zake zikatengwa na mfuko wa serikali, zisichukuliwe kwa shughuli nyingine.

Matajiri wengi walimgeuka. Naye, ili asianguke, akafanya urafiki ambao haukutarajiwa: upande mmoja Askofu Mkuu Víctor Sanabria, na upande wa pili Manuel Mora, kiongozi wa Wakomunisti. Si haki kuficha kwamba serikali yake ililaumiwa pia kwa matumizi mabaya ya fedha za umma na kwa hila katika uchaguzi. Mwaka 1948 aligombea tena. Mpinzani wake, Otilio Ulate, akatangazwa mshindi, lakini Bunge, ambamo wafuasi wa Calderón Guardia walikuwa wengi, likaifuta kura ile. José Figueres akashika silaha, na nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya majuma sita hivi. Calderón Guardia akashindwa, akakimbilia Nicaragua.

Hapo ndipo penye fundisho kubwa la maisha yake. Ungetazamia kwamba washindi watalivunja kasha la adui wao. Hawakulivunja. Figueres alilifuta jeshi la nchi tarehe 1 Desemba 1948, lakini Caja akaiacha, na Katiba mpya ya mwaka 1949 ikaithibitisha. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kulitia fedha zao wenyewe, wakaliona kuwa ni mali yao. Na mtawala mwenye busara hagusi mali ya namna hiyo.

Mwenyewe aliishi uhamishoni miaka kumi. Mara mbili, mwaka 1948 na mwaka 1955, watu wake walijaribu kurudi kwa silaha wakitokea Nicaragua, wakashindwa. Alirudi kwa amani mwaka 1958, akagombea Urais mwaka 1962 asipate. Mwaka 1961 alikuwa amekwisha kuona sheria ikiamuru kwamba bima iwafikie wananchi wote. Alifariki San José tarehe 9 Juni 1970. Miaka mitatu baadaye, sheria ya mwaka 1973 ilianza kuziweka hospitali za umma chini ya Caja, na wasio na uwezo wa kuchanga wakatibiwa kwa gharama ya serikali. Leo watu wa Kostarika huishi kwa wastani karibu miaka 80, kama watu wa nchi zilizo tajiri kuliko yao. Hata hivyo matatizo hayakosekani: serikali imelaumiwa kwa miaka mingi kwa kuchelewa kutoa sehemu yake, na foleni za wagonjwa ni ndefu.

Sisi nasi tumeipitia njia inayofanana na hiyo. Mfuko wa bima ya hospitali wa Kenya ulianzishwa mwaka 1966 kwa watu wa mishahara, na mwaka 2024 ukafuatwa na mfuko mpya uliokusudiwa kwa wananchi wote. Mwenye duka dogo, mkulima na mchuuzi hawana mwajiri wa kuwakatia. Kwao mchango hutegemea imani kwamba sanduku ni salama.

Basi, wapendwa, tukikutana kumchangia mwenzetu aliyekwisha lazwa, tunafanya wema, lakini tunafanya kazi ya yule daktari kabla hajawa Rais. Mchango mdogo unaotolewa kila mwezi tukiwa wazima, ukaandikwa daftarini na kusomwa mbele ya wote, ndio unaodumu. Calderón Guardia alipoteza madaraka, na kwa miaka kumi akaipoteza hata nchi yake. Sanduku lake likabaki, kwa sababu halikuwa lake.