Eric Liddell: Mkimbiaji Aliyemaliza Mwendo Kambini

Katika maisha ya watumishi wa zamani, safari hii tunamkumbuka Eric Liddell.

Alizaliwa mwaka 1902 mjini Tientsin, China, kwa wazazi wamisionari waliotoka Scotland. Akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Edinburgh aliichezea Scotland mchezo wa raga mara 7, kisha akaacha raga ili akazanie mbio. Mwaka 1924 alikwenda Olimpiki ya Paris. Mbio alizotegemewa kushinda zilikuwa za mita 100, lakini mchujo wake ulipangwa Jumapili. Kwa kuiheshimu siku ya Bwana akakataa kukimbia, na wengi walimlaumu. Akakimbia mita 400 badala yake, akapata dhahabu kwa sekunde 47.6.

Mwaka uliofuata aliacha sifa hizo zote, akarudi China kuwa mwalimu na mmisionari. Vita vilipozidi, mwaka 1941 alimpeleka mkewe Florence, aliyekuwa mjamzito, pamoja na binti zao wawili Canada. Binti wa tatu alizaliwa huko, na baba yake hakumwona kamwe. Mwaka 1943 Wajapani walimfungia katika kambi ya Weihsien pamoja na wageni wengine zaidi ya elfu moja. Baadhi yao walikuwa watoto waliotengana na wazazi wao.

Kambini Liddell aliwafundisha watoto sayansi na Neno la Mungu, akawapangia vijana michezo. Jumapili hakusimamia mchezo wowote. Lakini Jumapili moja vijana walicheza hoki peke yao, wakaishia kupigana. Liddell akatafakari jambo hilo, na Jumapili iliyofuata akaingia uwanjani kuwa mwamuzi wao.

Alifariki humo kambini tarehe 21 Februari 1945, akiwa na miaka 43, kwa uvimbe wa ubongo. Miezi sita baadaye kambi ilikombolewa.

Wapendwa, kwa ajili ya dhahabu yake mwenyewe hakukimbia Jumapili, lakini kwa ajili ya watoto wa wenzake alikubali kutoka. Sisi wazazi tunajua kuwakemea vijana wetu wanaoshinda uwanjani. Ni wangapi kati yetu tunaokwenda kukaa nao huko?

Bwana atupe moyo huo. Amina.