Hattie McDaniel, mfanyakazi wa nyumbani wa kwenye redio

Wakati wa Wabelgiji, baba mzima mwenye mke na watoto aliitwa boyi kwa sababu tu anapika na kufua kwa mzungu. Wazee wetu wa Masisi wanalijua vizuri neno hilo. Miaka ileile, huko Marekani, mama mmoja mweusi alijulikana nchi nzima kwa kuigiza kazi hiyohiyo: kwenye sinema, kwenye redio, mwishowe kwenye televisheni. Ni Hattie McDaniel.

Alizaliwa mwaka wa 1893 huko Wichita, jimbo la Kansas, kitinda mimba wa familia ya watoto 13. Wazazi wake wote wawili walizaliwa watumwa. Alikulia Denver, akaacha masomo na kufuata kundi la maonyesho la kaka zake. Miaka ya 1920 aliimba kwenye redio ya mji huo, mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kusikika kwenye redio ya Marekani.

Uchumi ulipoanguka mwaka wa 1929, kazi ya kuimba ikakauka. Huko Milwaukee alipata kazi ya kuhudumia choo cha wanawake kwenye klabu ya usiku, hadi siku moja walipomruhusu kupanda jukwaani. Mwaka wa 1931 akahamia Los Angeles. Redio ya huko ilimpa jina lakini mshahara ulikuwa kidogo sana. Mchana aliendelea kufulia watu nguo.

Mwaka wa 1939 akaigiza mtumishi wa nyumbani katika filamu Gone with the Wind. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Atlanta, yeye hakuwepo: sheria za ubaguzi hazikumruhusu kukaa pamoja na wazungu. Tarehe 29 Februari 1940 akapewa Oscar, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Hata usiku ule aliwekwa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na wenzake wa filamu.

Lawama zikatoka pia kwa weusi wenzake. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alilaumu waigizaji waliokubali kila mara kuwa wapishi na wafagiaji, maana wazungu watazoea kuwaona weusi hivyo tu. Hattie naye alikuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo kwa kweli, kwa mshahara wa njaa. Hakuona aibu kuiigiza kwa mshahara mkubwa.

Lakini nje ya sinema hakuinama. Alinunua nyumba kubwa mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles. Majirani wazungu wakawashtaki yeye na weusi wenzake, kwa sababu hati za viwanja zilikataza mtu mweusi kuishi pale. Ni kama kwetu zamani, mji wa wazungu kando, cité ya weusi kando. Hattie akakusanya majirani nyumbani kwake, wakajipanga. Disemba 1945 wakashinda kesi. Mwaka wa 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ikazuia mahakama zote za nchi kutekeleza masharti ya namna hiyo.

Novemba 1947 akachukua mchezo wa kuchekesha wa redio ulioitwa Beulah, jina la mfanyakazi wa nyumbani. Kumbe kabla yake sauti ya mama huyo ilikuwa inaigizwa na mwanaume mzungu! Hattie alikubali kwa masharti: hataongea ile Kiingereza ya kuvunjikavunjika waliyowabandika weusi, na maneno yasiyomfaa yatabadilishwa. Alianza na dola 1.000 kwa wiki, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza mchezo wake kwenye redio ya nchi nzima.

Televisheni ilimchukua Ethel Waters kwanza, mwaka wa 1950. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Hattie. Alirekodi vipindi sita tu. Kansa ya titi ikamwangusha. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1952, mwenye miaka 59.

Alikuwa ameomba azikwe makaburi ya Hollywood, pamoja na wasanii wenzake. Wenye makaburi walikataa maiti ya mtu mweusi, akazikwa Rosedale. Mwaka wa 1999 mwenyeji mpya wa makaburi yale alitaka kumhamishia huko. Familia ikasema aachwe alipolala. Basi Hollywood wakamjengea jiwe la ukumbusho, lakini chini yake hakuna mtu.