Florence Nightingale: Muuguzi Aliyechora Vifo vya Askari

Kila tarehe 12 Mei, wauguzi nchini Tanzania huungana na wenzao duniani kuadhimisha siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Wengi humkumbuka kwa taa aliyozunguka nayo wodini usiku. Wachache hufahamu kuwa alikuwa pia mtakwimu hodari.

Novemba 1854 aliwasili Scutari, Uturuki, pamoja na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa Uingereza waliokuwa wakipigana na Urusi katika rasi ya Crimea. Januari 1855 pekee, jeshi hilo lilipoteza askari 2,761 kwa maradhi yaliyoweza kuzuilika, na 83 tu kwa majeraha. Machi ilifika tume ya usafi, ikazibua mifereji ya maji machafu, na vifo vikapungua.

Aliporejea nyumbani alizichambua hesabu hizo akishirikiana na mtakwimu William Farr. Wakubwa wa Serikali walikuwa na majedwali tele. Tatizo ni kwamba hawakuyasoma. Mwaka 1858 akawachorea duara lenye vipande 12, kila kimoja mwezi wake: buluu kwa maradhi, nyekundu kwa majeraha, nyeusi kwa sababu nyinginezo. Buluu ilitanda kote.

Mchoro wa awali, hata hivyo, ulikuwa na kasoro. Idadi ilipimwa kwa urefu wa mstari kutoka kitovuni, ilhali jicho hupima eneo. Idadi ikiongezeka mara mbili, eneo huongezeka mara nne. Aliurekebisha ili eneo lenyewe liwe kipimo, ingawa kufanya hivyo kulipunguza ukali wa hoja yake.

Kwa maoni yetu, mchoro wake bora ni ule wa mistari iliyolala sambamba, usiosifiwa sana. Wanaume raia wa Uingereza wenye umri wa miaka 20 hadi 25 walikufa 8.4 kwa kila 1,000 kwa mwaka; askari wa rika lilo hilo, wakiwa kambini nchini mwao wakati wa amani, 17. Mstari mmoja ulizidi mwenzake mara mbili, bila haja ya maelezo. Mzazi wa Mbweni, wilayani Kinondoni, anayefuatilia uzito wa mwanawe kwenye kadi ya kliniki hutegemea uwazi wa namna hiyo.

Nightingale alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa katika Chama cha Takwimu cha London. Alifariki dunia tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90.