Habari za Katharina von Bora, Mke wa Daktari Martin Luther

Wapendwa wasomaji, habari za Daktari Martin Luther mmezisoma mara nyingi, na wengi wenu mwaweza kuwasimulia watoto wenu pasipo kutazama kitabu. Lakini mkewe twamtaja kwa maneno machache tu, ya kwamba alikuwa mtawa, akaolewa, akamzalia Luther watoto sita. Leo twataka kumtazama yeye mwenyewe. Maana mambo yawasumbuayo vijana wetu wakifika utu uzima, yaani kuoa na kuolewa, kazi, malezi ya watoto, na kujijua wao ni nani mbele ya watu, yote yalimfikia mwanamke huyu moja baada ya jingine, na mara nyingi hapakuwa na mtu wa kumwonyesha njia.

Katharina alizaliwa tarehe 29 Januari 1499 katika nchi ya Sachsen huko Ujerumani. Baba yake alikuwa wa ukoo wa makabaila, lakini mali yao ilikuwa kidogo. Katika nchi ile mahari haikutoka kwa mume, bali baba wa msichana ndiye aliyempa binti yake mali ya kwenda nayo kwa mumewe. Kwa hiyo kabaila asiye na mali aliona shida kuwaoza binti zake, na wengi waliwapeleka katika nyumba za watawa. Katharina alikuwa na umri wa miaka mitano au sita hivi alipopelekwa kwa watawa wa Brehna ili afundishwe. Alipokaribia miaka kumi alihamishiwa Nimbschen, karibu na mji wa Grimma, ambako shangazi yake Magdalena alikuwa mtawa. Huko alijifunza kusoma na kuandika, na sala, na kazi za nyumba kubwa. Tarehe 8 Oktoba 1515, akiwa na miaka 16, aliweka nadhiri ya kuwa mtawa siku zote za maisha yake.

Hatusemi kwamba watawa wale walimtendea vibaya. Lakini ni vigumu kusema kwamba Katharina alichagua. Mtu huchagua kati ya njia mbili, naye tangu utoto alikuwa ameonyeshwa moja tu.

Mwaka 1521 Luther aliandika kitabu juu ya nadhiri za watawa. Alifundisha ya kuwa mtu hajipatii kibali kwa Mungu kwa kuweka nadhiri, wala nadhiri iliyowekwa kwa kudhani hivyo haiwezi kuifunga dhamiri. Mafundisho hayo yalipenya hata ndani ya kuta za Nimbschen. Baadhi ya watawa, Katharina akiwa mmoja wao, waliona kwamba hawawezi kukaa tena kwa moyo safi. Kwanza waliwaandikia wazazi na jamaa zao wakiomba kutolewa, lakini jamaa hawakukubali. Ndipo wakamwomba Luther msaada.

Luther alimtafuta Leonhard Koppe, mfanyabiashara wa mji wa Torgau, ambaye alizoea kuwapelekea watawa wale samaki na bidhaa nyingine. Usiku wa kuamkia Pasaka ya mwaka 1523 Koppe alifika na gari lake la farasi, na wanawake 12 wakaondoka pamoja naye. Lilikuwa jambo la hatari, kwa maana sheria ya nchi iliruhusu mtu atoroshaye watawa auawe. Watatu katika wale 12 walirudi kwa jamaa zao, na tisa waliobaki wakafika Wittenberg.

Tufikiri kidogo hali ya Katharina siku ile. Alikuwa na umri wa miaka 24. Utawa ameuacha, kwao hawezi kurudi, mali hana, wala mume hana. Tangu utoto alijulikana kuwa mtawa wa Nimbschen, na sasa hakuwa na jina jingine la kujibu mtu akimwuliza yeye ni nani. Watu wa Wittenberg waliwapokea wanawake hao majumbani mwao, na Katharina alikaa kwa muda nyumbani mwa Lucas Cranach, mchoraji mashuhuri wa mji huo. Luther naye aliona ni wajibu wake kuwatafutia wote mahali pa kukaa au waume.

Wenzake wakaolewa mmoja mmoja, naye akabaki. Alikuwa amependana na kijana mmoja msomi, Hieronymus Baumgartner, wa ukoo mkubwa wa mji wa Nuremberg. Kijana huyo alirudi kwao akakawia, kwa kuwa jamaa zake hawakutaka aoe mtawa aliyetoroka, tena asiye na mali. Katika Oktoba 1524 Luther mwenyewe alimwandikia kumhimiza, lakini hakuja, na baadaye alioa mwanamke mwingine. Hapo Luther na rafiki zake wakamletea Katharina mchumba wa pili, Kaspar Glatz, mchungaji wa Orlamünde. Katharina akakataa.

Hapa twastaajabu, maana ni rahisi kukataa mtu akiwa na pa kwenda, lakini yeye alikula chakula cha watu wengine na kulala chini ya dari ya watu wengine. Wengi wangemwambia akubali ashukuru. Lakini alikwisha kuona jinsi maisha yanavyokuwa mtu akiingizwa katika ahadi ya milele asiyoichagua, wala hakutaka kuingia mara ya pili. Alimwendea Nikolaus von Amsdorf, rafiki ya Luther, akamweleza waziwazi kwamba Glatz hatamkubali, lakini kama Amsdorf mwenyewe au Luther angemtaka, asingekataa. Hakuyasema hayo kwa kiburi. Alijua asilolitaka na alitakalo, akalisema kwa mtu wa kuaminiwa, wala hakunung'unika gizani.

Luther alikuwa na miaka 41, wala hakuwa amekusudia kuoa. Alidhani huenda akauawa kwa ajili ya mafundisho yake. Mwishowe alikubali, ili ampendeze baba yake mzee, tena athibitishe kwa matendo yale aliyowafundisha wengine. Mwenyewe alikiri kwamba hakuwa na mapenzi ya kuwaka moto, ila alimheshimu. Wakaoana tarehe 13 Juni 1525. Vita ya wakulima ilikuwa imemwaga damu nyingi katika nchi mwaka ule ule, na hata Philipp Melanchthon, mwenzi wake Luther wa karibu, alichukizwa na arusi hiyo wakati wa maombolezo. Adui zao walicheka na kutukana.

Basi ndoa hii haikuanza kwa upendo mkubwa kama wanavyoutamani vijana. Lakini upendo ulikuja, nao ulikua mwaka kwa mwaka. Barua ambazo Luther alimwandikia mkewe katika safari zake zimehifadhiwa, na ndani yake twamwona akimtania, akimwagiza kazi, akimtuliza hofu, na kumweleza mambo ya kanisa na ya nchi kama mtu amwelezavyo mwenziwe. Wapendanao wachanga hudhani upendo ni mlango wa kuingilia tu. Kwa Luther na Katharina ulikuwa kama shamba lililolimwa na wote wawili kwa zaidi ya miaka 20.

Na kazi haikukosa. Mtawala wa Sachsen aliwapa nyumba ya watawa ambamo Luther alikuwa amekaa tangu zamani, nyumba kubwa iliyochakaa. Luther hakupokea fedha kwa vitabu vyake, na alichokipata alikigawa upesi kwa wahitaji. Kama si Katharina, wangeishi katika madeni. Aliamka kabla ya mapambazuko. Alitengeneza vyumba akawapangisha wanafunzi, akalima bustani, akafuga ng'ombe, nguruwe na samaki, akatengeneza bia, ambayo siku zile ilikuwa kinywaji cha kila siku katika nchi ile. Mwaka 1540 walipata shamba la Zülsdorf, lililokuwa la ukoo wake, naye alilisimamia mwenyewe, ingawa lilikuwa mwendo wa siku mbili. Mezani pake walikaa watu 30 au 40, yaani watoto, yatima wa jamaa, wanafunzi, wageni na wakimbizi. Shangazi yake Magdalena, aliyemtangulia Nimbschen, alikuja pia kukaa nao na kulea watoto.

Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Wengi walikimbia, lakini Luther na Katharina walibaki, na nyumba yao ikawa hospitali. Katharina alikuwa mja mzito. Tarehe 10 Desemba alizaliwa Elisabeth, lakini mtoto huyo hakutimiza mwaka mmoja, alikufa Agosti 1528. Pamoja naye Katharina alizaa Johannes mwaka 1526, Magdalena 1529, Martin 1531, Paul 1533, na Margarethe 1534. Mwaka 1540 mimba iliharibika, naye akawa karibu kufa.

Tena Septemba 1542 Magdalena akaugua, akiwa na miaka 13. Kaka yake Johannes aliitwa kutoka shuleni Torgau ili waonane. Mtoto akafa mikononi mwa baba yake, na mama yake alikuwa chumba kile kile, lakini amesimama mbali na kitanda kwa wingi wa uchungu. Wazazi waliopoteza watoto hawahitaji kuelezwa zaidi. Baadaye Johannes alirudi shuleni akashindwa na huzuni akataka kuja nyumbani. Mama alikuwa amempa ruhusa ya kurudi akizidiwa, lakini baba alimwandikia ajikaze, asirudi ila awe mgonjwa kweli. Hivyo hata katika nyumba ile baba na mama hawakuona sawasawa kila mara, nasi hatuwezi kusema ni yupi aliyempenda mtoto zaidi.

Luther alifariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546, mkewe akiwa mbali, Wittenberg. Miaka minne kabla yake Luther aliandika wosia akimwachia Katharina mali na kumweka awe mlezi wa watoto, kwa kuwa alitaka watoto waitazame mikono ya mama, si mama aitazame mikono ya watoto. Lakini wosia huo haukufuata taratibu za sheria za Sachsen. Gregor Brück, mshauri mkuu wa mtawala, alishauri watoto wa kiume watengwe na mama yao na nyumba ile kubwa ipunguzwe. Alimwona Katharina kuwa mwenye matumizi makubwa na ukaidi. Katharina hakukubali kunyang'anywa watoto. Alitafuta msaada kwa Melanchthon na kwa mtawala mwenyewe. Mtawala aliuthibitisha wosia, na ingawa waliwekwa wasimamizi, watoto walikaa na mama yao. Tena alinunua shamba la Wachsdorf, ijapokuwa Brück alipinga.

Kisha vita ikafika. Mara mbili Katharina alikimbia Wittenberg pamoja na watoto, mwisho wa 1546 mpaka Magdeburg, na tena mwaka 1547 mpaka Braunschweig. Aliporudi alikuta mashamba yameharibiwa na mifugo haipo. Alikopa fedha, akapokea tena wapangaji, akaanza upya, na mfalme wa Denmark akamsaidia. Mwaka 1552 tauni ilirudi, na chuo kikuu kikahamia Torgau. Katharina naye alisafiri kwenda huko. Njiani farasi walishtuka wakakimbia ovyo. Katika kuruka garini ili kuwazuia, alianguka katika mtaro wa maji baridi. Aliugua miezi mitatu, akafa Torgau tarehe 20 Desemba 1552, akiwa na miaka 53. Wanawe watatu walikua wakasoma, Johannes sheria, Martin elimu ya dini, na Paul akawa tabibu mashuhuri. Margarethe aliolewa na kabaila wa Prussia.

Wapendwa, katika habari hizi tumeona mambo mawili. La kwanza ni la wazazi na waalimu wa dini. Baba yake Katharina hakumchukia. Alimpangia maisha kwa kadiri ya mfuko wake, kama wengi wetu tufanyavyo. Lakini ahadi aliyoandaliwa na watu wazima haikusimama, na ile aliyoichagua mwenyewe aliishika katika tauni, misiba, vita na ujane. Tukiwashauri vijana wetu, tuwape nafasi ya kusema ndiyo na ya kusema la, wala tusilihesabu la lao kuwa utovu wa adabu.

La pili ni la vijana. Katharina hakupata kijana aliyempenda kwanza, wala hakungoja mpaka moyo wake usahau. Aliamua kwa akili timamu, kisha akaufanyia kazi uamuzi wake kila siku, alfajiri hata usiku. Siku ya arusi ilipita upesi, lakini meza ile ya watu 40 ilimngoja kila asubuhi.

Kaburi lake liko Torgau katika kanisa la Mariamu, na jiwe lenye sura yake lipo hata leo. Mji huo ndio aliofikia kwanza akiwa katika gari la Koppe, akitoka Nimbschen bila kujua ataitwa nani. Juu ya jiwe ameshika kitabu mkononi, na jina lake limeandikwa hapo.