Mayinga N'Seka: muuguzi wa Kinshasa ambaye jina lake lilifika mpaka Majengo

Novemba 2019, watu wa Majengo na Kahembe, hapa Goma, walianza kupokea chanjo ya pili ya Ebola, ile ya kuchomwa mara mbili, siku 56 kati ya shindano la kwanza na la pili. Ukiuliza ilitoka wapi, utaambiwa: kwa kampuni ya Johnson & Johnson. Ni kweli, lakini jibu halijaisha. Shindano la kwanza lilitengenezwa kwa kufuata mfano wa virusi vilivyotoka katika damu ya dada mmoja wa inchi yetu, muuguzi wa Kinshasa aliyekufa mwaka 1976. Aliitwa Mayinga N'Seka.

Tuelewane vizuri, juu ya maneno mengi yaliyosemwa wakati ule. Ndani ya chanjo hamna Ebola. Kuna maagizo tu ya kutengeneza ganda la nje la virusi, ili mwili umjue adui mbele hajafika. Maagizo hayo ndiyo yalinakiliwa kutoka kwa virusi vya Mayinga.

Ili kuelewa maisha yake, twende kwanza Yambuku, katika jimbo la Équateur la zamani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kinshasa. Inchi iliitwa Zaïre. Hospitali ya misheni ya Wakatoliki haikuwa na daktari. Masista wa Ubelgiji na wauguzi wa kwetu ndio walibeba kazi yote. Kila asubuhi walipewa seringi tano tu, na wagonjwa wa kutoka nje walikuwa mamia kwa siku. Shindano likitoka kwa mtu mmoja, linasuuzwa kwa maji ya moto kidogo, linaingia kwa mwingine.

Mwisho wa Agosti mwalimu mmoja, Mabalo Lokela, alifika na homa. Walifikiri ni malaria, wakamchoma dawa ya malaria. Tarehe 8 Septemba alikuwa amekufa, na wengine waliochomwa pale hospitali wakaanza kuanguka. Ugonjwa ulipoisha, watu 318 walikuwa wameugua na 280 wamekufa. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa.

Mwisho wa Septemba, sista mmoja mgonjwa alipelekwa kwa ndege mpaka Kinshasa, kwa Klinike Ngaliema, pamoja na sista mwenzake wa kumwangalia. Mgonjwa akafa. Siku chache nyuma, mwenzake naye akaugua, naye akafa. Kati ya wauguzi waliowatunza pale Ngaliema alikuwa Mayinga.

Alikuwa kijana, hajafika hata miaka 25. Wale walioandika historia ya miezi ile wanasimulia kwamba alikuwa amepata bursi ya kwenda kusoma Ulaya. Kwa muuguzi wa Zaïre ya wakati ule, mlango wa namna hiyo haufunguki mara mbili. Oktoba akaanza kusikia homa na kichwa kuuma. Kwa muda wa siku mbili alizunguka Kinshasa: wanasimulia kwamba alipitia wizara kufuata karatasi za safari, akapanda taksi, akangoja zamu yake katika hospitali ya Mama Yemo kati ya umati wa wagonjwa wengine. Yeye aliyejua wale masista walikufa namna gani, alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kwamba ni malaria tu.

Ni rahisi leo kumlaumu. Lakini tujiulize: angeenda kumwambia nani? Wakati ule ugonjwa haukuwa na jina. Aliyejitangaza mgonjwa alikuwa anafunga mwenyewe mlango wa masomo yake. Hakuna mkubwa wa kazi aliyekuwa amekwisha kutengeneza njia ya muuguzi kusema mapema kwamba anaugua, bila kupoteza kila kitu.

Alirudishwa Ngaliema, sasa yeye ndiye mgonjwa. Daktari Margaretha Isaäcson alikuwa amekuja kutoka Johannesburg kusaidia. Mayinga aliwekewa maji ya damu ya mtu aliyepona Marburg, ugonjwa wa ukoo ule ule, wakitumaini yatamlinda. Hayakumsaidia. Akafa mwezi ule ule wa Oktoba. Wale aliokutana nao walitafutwa, wengi wakawekwa kando na kuangaliwa kila siku. Kinshasa yote ilikuwa na hofu. Kumbe hakuna hata mmoja aliyeugua. Ile kazi ya kutafuta watu waliokutana na mgonjwa, ambayo Goma iliijua vizuri Julai 2019 wakati pasta mmoja alishuka kwa basi kutoka Butembo akiwa na Ebola, ilifanyika hata pale.

Damu ya Mayinga ilibaki katika maabara. Virusi vyake viliitwa kwa jina lake, na mpaka leo vinatumika kulinganishia virusi vingine vya Ebola vinavyopatikana. Shindano la pili la ile chanjo ya Majengo limebeba tena jina lake, na pembeni yake jina la Musoke, daktari wa Nairobi aliyeambukizwa Marburg na mgonjwa wake mwaka 1980, akapona. Majina hayo mawili ni ya watu walioambukizwa wakifanya kazi yao.

Basi hii inahusu nini uongozi wa wauguzi? Miaka zaidi ya mia moja mbele ya Yambuku, Mwingereza Florence Nightingale alikuwa amekwisha kuandika kwamba hospitali, mbele ya kuponya, isimzidishie mgonjwa ubaya. Kitabu chake juu ya uuguzi kilitoka mwaka 1859, na shule yake London ilifunguliwa mwaka 1860. Usafi, hewa, maji na mikono safi: ndiyo nadharia ya kwanza ya kazi hii. Wauguzi wa Yambuku hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa na seringi tano. Nadharia bila vifaa inabaki karatasini, na kuleta vifaa ni kazi ya viongozi, siyo ya muuguzi wa zamu.

Na somo lilichelewa kuingia. Kikwit, mwaka 1995, karibu robo ya walioambukizwa walikuwa wafanyakazi wa afya. Hapa kwetu Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Wafanyakazi wa afya walioambukizwa walipita 150. Kwa hesabu ya sehemu, ni wachache kuliko Kikwit, juu ya chanjo, mavazi ya kujikinga na mafunzo. Lakini kila mmoja kati ya hao ana familia iliyomngoja nyumbani.

Vijana wanaosoma uuguzi hapa Goma, katika shule za kati na kwenye ISTM, njo wenye kubeba kazi hii kesho. Katika vituo vingi vya afya muuguzi mkubwa ndiye anayeongoza kila kitu: dawa, pesa, watu, na maamuzi ya usiku. Huyo ni kiongozi, hata kama hana ofisi yenye kiyoyozi. Tangu 2016 inchi ina sheria ya kuunda chama rasmi cha wauguzi, chenye kulinda heshima ya kazi. Kipimo chake hakitakuwa mikutano. Kitakuwa mambo mawili madogo: je, muuguzi wa zamu ana ganti za kuvaa mikononi usiku wa leo? Na akisikia homa kesho asubuhi, je, kuna mkubwa wake wa kumwambia bila woga, anayejua kwamba mshahara wake na masomo yake havitapotea?

Mayinga hakuwa na mtu huyo. Wauguzi wa Goma wanastahili kuwa naye.