Mganga Laënnec na Kijiti cha Kusikilizia

Kila mtoto aliyepata kufika hospitalini amekiona chombo cha mganga: mpira mrefu wenye ncha mbili za kutia masikioni, na kidude cha mviringo cha kuweka juu ya mwili wa mgonjwa. Jina lake ni stetoskopu. Kwa chombo hicho mganga husikia pumzi, husikia moyo, tena husikia mishipa inayochukua damu kutoka moyoni. Zamani chombo hicho hakikuwako. Aliyekitengeneza kwanza ni Mfaransa mmoja, Mkristo mwema, jina lake René Laënnec.

Laënnec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 katika mji wa Quimper, upande wa Bretagne, nchi ya Ufaransa. Alipokuwa na miaka mitano tu mama yake alikufa. Mwaka 1788 alipelekwa mji wa Nantes kukaa kwa Guillaume, ndugu ya baba yake, ambaye alikuwa mganga. Mtu huyo alimlea kama mwanawe. Kwake mtoto aliona jinsi mganga anavyowahudumia wagonjwa.

Siku hizo zilikuwa siku za hatari. Mwaka 1789 mapinduzi yalianza Ufaransa, na mwaka 1793 watu wengi waliuawa Nantes. Mapadri wengi walitoswa katika mto Loire. Mtoto Laënnec aliishi katikati ya mambo hayo ya kutisha. Mwaka 1795, akiwa na miaka 14, alianza kujifunza kazi ya uganga hospitalini.

Mwaka 1801 alikwenda Paris kuendelea na masomo. Alikuwa mfupi na mwembamba, tena hakuwa na nguvu nyingi, lakini bidii yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1803 alipata zawadi ya kwanza ya uganga, na ya kwanza tena ya upasuaji. Mwaka uleule aliingia katika chama cha vijana Wakatoliki waliojiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria. Katika Paris ya siku zile wenye elimu wengi walidharau dini. Laënnec hakuona haya kusali.

Mmoja wa walimu wake, Corvisart, alikuwa mganga wa Napoleon. Huyu aliwafundisha vijana kugonga kifua cha mgonjwa kwa vidole, kama mtu anavyogonga mtungi apate kujua kama umejaa au ni mtupu. Laënnec alijifunza vizuri kazi hiyo.

Mwaka 1814 kulikuwa na vita, na askari wengi wagonjwa waliletwa Paris. Wengine walikuwa vijana wa Bretagne wasiojua Kifaransa. Walilala kitandani wakiumwa, wala hapakuwa na mtu wa kuelewa maneno yao. Laënnec alikuwa amejifunza lugha ya Bretagne. Akaenda kuwahudumia na kusema nao kwa lugha ya mama zao.

Mwaka 1816 aliwekwa kuwa mganga wa hospitali ya Necker, mjini Paris. Ndipo siku moja aliletewa mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa moyo. Mwanamke huyo alikuwa mnene, na kumgonga kifuani hakukuonyesha kitu. Zamani waganga wengine waliweka sikio juu ya kifua chenyewe, lakini Laënnec aliona kwamba si heshima kumfanyia hivyo mwanamke kijana. Basi afanye nini?

Hapo alikumbuka jambo ambalo hata watoto katika michezo yao wanalijua. Mtu akiweka sikio kwenye ncha ya gogo, na mwenzake akikwaruza kwa pini kwenye ncha ya pili, mkwaruzo husikika vizuri. Laënnec akachukua karatasi, akazikunja na kuzikaza sana zikawa kama bomba. Ncha moja aliiweka kifuani pa mgonjwa, na nyingine sikioni mwake. Akastaajabu. Alisikia moyo ukipiga waziwazi kuliko alivyousikia siku zote kwa sikio tupu.

Basi aliacha karatasi, akatengeneza chombo cha mti. Kilikuwa kijiti kinene chenye tundu katikati, urefu wake karibu sentimeta 30. Mwenyewe alijua kukereza mti, akavikereza vijiti hivyo kwa mikono yake. Akakiita chombo hicho stetoskopu, jina la Kiyunani, maana yake chombo cha kutazama kifua.

Tangu siku ile aliwasikiliza wagonjwa kwa uvumilivu mwingi. Kila alichosikia alikiandika. Mgonjwa akifa, alitazama ndani ya mwili wake apate kujua kama maandiko yake yalikuwa ya kweli. Mwaka 1819 alitoa kitabu kikubwa, na waganga wa nchi nyingi wakakisoma. Mwaka 1822 akawa mwalimu katika chuo kikuu kiitwacho Collège de France.

Kati ya sauti alizozisikia kulikuwa na moja iliyomsumbua sana. Ilikuwa kama sauti ya mivukuto katika kiwanda cha mfua chuma: fuu, fuu, fuu. Laënnec akaiita sauti ya mivukuto. Aliisikia moyoni, akaisikia pia katika mishipa mikubwa ya shingo. Kwanza aliihesabu kuwa dalili ya ubovu katika milango ya moyo. Lakini baadaye alitazama ndani ya miili ya wengine waliokuwa na sauti ile, asione ubovu wowote.

Mtu mwenye kiburi angeficha neno hilo, maana kitabu chake kilikwisha kusifiwa. Laënnec hakulificha. Mwaka 1826, kitabu kilipochapwa mara ya pili, aliandika wazi kwamba sauti ile peke yake haitoshi kuonyesha ubovu. Mwenyewe alidhani kwamba mshipa hujikaza wenyewe na kufanya sauti. Hapo alikosea, lakini waliokuja baada yake walipata njia, kwa sababu aliwaachia ukweli wa yale aliyoyasikia.

Mwaka uleule wa 1826 afya yake iliharibika. Alikonda, akakohoa sana. Rafiki yake Bayle, mganga mwenzake, alikuwa amekufa kwa kifua kikuu miaka kumi nyuma. Laënnec akamwomba Mériadec, kijana mganga wa ukoo wake, amsikilize kifuani. Kijana akaweka kijiti, akasikiliza, akasema aliyoyasikia. Zilikuwa dalili zilezile ambazo Laënnec mwenyewe alizifundisha. Kumbe, chombo chake kilimpasha habari ya kifo chake.

Akarudi kwao Bretagne pamoja na mke wake, wakakaa karibu na bahari. Huko alikufa tarehe 13 Agosti 1826, mwenye miaka 45. Katika maandiko ya urithi alimwachia Mériadec stetoskopu yake, akiihesabu kuwa mali bora kuliko zote alizonazo.

Baada yake wengine waliendeleza kazi. Mwaka 1829 Dominic Corrigan, mganga Mkatoliki wa Ireland, alifundisha kwamba sauti ya mivukuto hutoka katika mwendo wa damu yenyewe. Jambo hili si gumu kuelewa. Mto Lualaba ukipita mahali papana huenda kimya. Lakini chini ya Kongolo, penye majabali yanayoitwa Milango ya Jehanamu, mto hubanwa, na maji hupiga kelele kubwa. Ndivyo na damu. Mshipa mzima na mpana hupitisha damu kwa utulivu. Mshipa uliozibwa nusu na mafuta huibana damu, nayo huzunguka na kuvuma.

Kwa hiyo mganga wa leo huweka stetoskopu shingoni pa mtu mzima, kuume na kushoto, na kumwambia azuie pumzi kidogo. Akisikia uvumi, hujua kwamba pengine mshipa unaopeleka damu kichwani umekuwa mwembamba. Mshipa huo ukizibwa, mtu anaweza kupatwa na kiharusi. Lakini mganga mwenye akili hakumbuki neno moja na kusahau la pili. Uvumi unaweza kusikika kwa mtu mzima wa afya, na mshipa uliokaribia kuzibwa kabisa unaweza kunyamaza. Hivyo hutafuta dalili nyingine kwanza, kama Laënnec alivyofanya.

Mwaka 1905 Nikolai Korotkov, mganga wa Urusi, alionyesha njia ya kupima nguvu ya damu kwa kusikiliza mshipa wa mkono. Mkono hufungwa kitambaa kinachojazwa hewa mpaka mshipa unabanwa. Hewa ikitolewa polepole, damu hupenya tena, na mganga husikia ikigonga. Kazi hiyo hufanywa mpaka leo katika hospitali nyingi, huku Maniema na katika dunia yote.

Mungu amempa kila mtu masikio mawili. Laënnec aliyatumia yake kwa kuwasaidia wagonjwa, na aliposikia jambo asilolitazamia, alilisema kweli. Mtoto anayetaka kuwa mganga aanze na hayo mawili: kusikiliza vizuri, na kusema kweli.

Maswali

1. Kwa nini Laënnec hakuweka sikio lake juu ya kifua cha mwanamke yule?
2. Kwa nini aliandika kwamba sauti ya mivukuto peke yake haitoshi?
3. Mto Lualaba hupiga kelele mahali gani, na kwa sababu gani? Mshipa wa damu unafanana nao namna gani?
4. Laënnec alimwachia Mériadec kitu gani?