Heike Kamerlingh Onnes: Mtaalamu wa Baridi

Nyaya za umeme zipitazo juu ya mapaa yetu hapa Ruiru hupata joto, na sehemu ya umeme hupotea njiani kwa sababu ya ukinzani. Aliyegundua kwamba ukinzani huo waweza kutoweka kabisa ni Heike Kamerlingh Onnes, mzaliwa wa Groningen, Uholanzi, mwaka wa 1853.

Alianza kufundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka wa 1882, akajenga humo maabara ya baridi kali. Mnamo Julai 10, 1908, aliigeuza gesi ya heli kuwa kioevu. Mwaka wa 1911, akisaidiwa na Gilles Holst na wengine, aliipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Ghafla ukinzani wake ukatoweka. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1913, akafariki mwaka wa 1926.

Hata hivyo, kuipima zebaki ile kulihitaji nyaya zifikazo kwenye chumba chenye joto la kawaida, na waya uletao habari ndio upelekao joto baridini. Mwaka wa 1914 aliuacha mkondo ukizunguka bila chanzo katika koili ya risasi. Sindano ya dira, nje ya chombo, ikaushuhudia.

Wahandisi wa leo wamerithi tatizo lilo hilo. Saketi za baridi zina kasi kubwa mno, lakini ishara zake ni za takriban milivolti moja au chini yake. Hawana budi kuzikuza hatua kwa hatua, wakipunguza nyaya, kwani ugunduzi usioweza kuufikia ulimwengu wenye joto hautufai.